Picha inakimbia, majina yanakatika: namna ya kupanga maandishi ku mashini kabla ya kutoa karatasi

Mtu ameandika barua yake ya kuomba kazi ku mashini ya ndugu, hapa Mutarule. Ukurasa mmoja, picha ndogo juu kuume, sahihi chini. Yote iko sawa. Anaiweka ku flashi, anapanda pikipiki mpaka Sange ao gari mpaka Uvira, anaingia ku sekretaria publiki. Barua inafunguliwa: kurasa mbili. Picha imefunika jina lake, na nafasi ya sahihi imebaki peke yake ku ukurasa wa pili. Umeme unaweza kukatika saa yoyote, na dosie inapaswa kuingia leo mbele biro haijafungwa.

Wengi wanasema « mashini imeharibu ». Kumbe mashini haikuharibu kitu. Imefuata amri zilizo ndani ya maandishi, hata zile ambazo mwandishi hakujua kama amezitoa. Kila picha inayokimbia na kila mstari unaokatika vibaya uko na amri nyuma yake. Mwenye kujua kuitafuta amri hiyo anatengeneza kwa dakika mbili. Mwenye kusukuma maneno kwa nafasi na Entrée anaweza kufanya saa nzima, kisha yote inaanguka tena ku mashini ya pili.

Maelezo haya yanafuata Word yenye menyu za Kifaransa, kwa sababu ndiyo inaonekana sana ku mashini za kwetu. Majina ya menyu yameachwa vile yanaonekana ku kioo. Toleo moja na lingine yanaweza kutofautiana kidogo.

Mstari unavunjika namna gani

Wazee waliofanya kazi ya daktilo wanakumbuka mashini ya kuandikia ya zamani. Ukikaribia mwisho wa karatasi, kengele ndogo inalia. Unasukuma mkono wa chuma, karatasi inapanda, unaanza mstari mpya. Kila mstari ulimalizwa na mtu kwa mkono wake.

Word, iliyotoka mwaka 1983, haifanyi vile, wala programu zingine za kuandika za leo. Unaandika tu bila kusimama. Programu inapima upana wa karatasi, na neno lisiloenea mwisho wa mstari inalishusha chini yenyewe. Ukiongeza neno moja katikati, inapima upya mistari yote inayofuata. Kitufe cha Entrée kimebaki na kazi moja: kufunga fungu la maneno na kuanza lingine.

Shida nyingi zinaanzia hapa. Mtu aliyefundishwa na mwenye kuzoea mashini ya zamani anapiga Entrée mwisho wa kila mstari. Ku kioo chake inaonekana vizuri. Lakini herufi zikibadilika ukubwa, ao karatasi ikibadilika upana, kila mstari unavunjika mara mbili: mara moja pale programu inapotaka, mara ingine pale Entrée ilipowekwa. Matokeo ni mistari mirefu na mifupi inayofuatana kama meno yaliyovunjika.

Jambo la kwanza: washa alama zilizofichwa

Mbele ya kugusa kitu chochote, bonyeza alama ¶ iliyo juu, ndani ya « Accueil ». Ku LibreOffice ni Ctrl na F10. Sasa kile kilichofichwa kinaonekana:

- ¶ ni Entrée, mwisho wa fungu.
- ↵ ni kuvunja mstari bila kufunga fungu. Inatokea ukipiga Maj na Entrée pamoja.
- Nukta ndogo katikati ya maneno ni nafasi ya kawaida.
- Duara ndogo kama ya digrii (°) ni nafasi isiyovunjika, yaani gundi inayoshika maneno mawili pamoja.
- Mshale → ni kitufe cha Tab.

Alama hizi hazitoki ku imprimanti. Ni za macho yako tu. Ukiona nukta ishirini zinazofuatana, ujue mtu alisukuma maneno kwa nafasi mpaka katikati. Ukiona ¶ nane chini ya barua, alitafuta kushusha sahihi. Ndiyo hayo yanayoanguka ku mashini ingine. Maneno ya katikati yanawekwa kwa kitufe cha « Centrer », na ukurasa mpya unaanzishwa kwa Ctrl na Entrée.

Mistari mifupi baada ya kunakili

Hii inatokea sana kwa ripoti na kwa PV za kikao zilizonakiliwa toka PDF ao toka ujumbe wa simu. Maneno yanafika katikati ya karatasi, yanashuka. Ukiwasha ¶ unaikuta mwisho wa kila mstari.

Usizifute moja moja. Hifadhi kwanza nakala pembeni, kisha fanya hivi:

1. Bonyeza Ctrl na H. Kisanduku cha kutafuta na kubadilisha kinafunguka.
2. Tafuta ^p^p, weka @@@. Hapo unalinda mwisho wa mafungu ya kweli, pale palipoachwa mstari mtupu.
3. Tafuta ^p, weka nafasi moja. Mistari yote inaungana.
4. Tafuta @@@, weka ^p. Mafungu yanarudi.

Kama alama ni ↵, tumia ^l (herufi L ndogo) pahali pa ^p. Kama kila nafasi ni duara °, tafuta ^s na uweke nafasi ya kawaida. Maandishi yaliyotoka ku intaneti yanakuja nazo mara nyingi, na Word inaona mstari mzima kama neno moja isiloweza kukata vizuri. Ukikosea, Ctrl na Z inarudisha nyuma.

Lakini kama hakuna ¶ mwisho wa mistari, na maneno bado yanashuka mapema, angalia rula ya juu. Kipembe kidogo cha kuume kimevutwa kuingia ndani. Kirudishe mwisho wa ukingo. Kama rula iko sawa, kuna kitu kingine kinachokaa pale bila kuonekana: kisanduku kitupu cha maandishi, ao picha nyeupe. Fungua « Accueil », « Sélectionner », kisha « Volet Sélection ». Orodha ya vitu vyote vya ukurasa huo inatokea kuume, hata vile visivyoonekana.

Picha: herufi kubwa ao kitu kinachoelea

Word inajua namna mbili za kuweka picha.

Ya kwanza inaitwa « Aligné sur le texte ». Picha inakuwa kama herufi moja kubwa ndani ya mstari. Inasogea pamoja na maneno, haimfuniki mtu, haikimbii. Ku LibreOffice inaitwa « Comme caractère ».

Ya pili ni picha inayoelea. Maneno yanazunguka, yanapita juu ao yanapita chini yake. Ukibonyeza picha, kando yake kunatokea alama ndogo ya « Options de disposition ». Ku matoleo ya zamani utaipata ku « Format », pahali palipoandikwa « Habillage ». Chaguo ni hizi:

- « Carré »: maneno yanazunguka picha kwa pembe nne.
- « Rapproché »: yanafuata umbo la picha yenyewe.
- « Haut et bas »: yanasimama juu, yanaendelea chini. Pembeni hakuna neno.
- « Derrière le texte »: picha inaenda nyuma ya maneno.
- « Devant le texte »: picha inakaa mbele na kufunika maneno.

Jina likifunikwa na picha, karibu kila mara ni « Devant le texte ». Badilisha uweke « Carré », bas. Picha ikiwa nyuma na haikubali kubonyezwa, tumia tena « Volet Sélection »: bonyeza jina lake ku orodha, nayo itashikwa.

Jambo wengi hawajui ni hili: picha inayoelea imefungwa ku fungu moja la maneno kwa kamba. Ukiibonyeza wakati alama ¶ zimewashwa, unaona nanga ndogo ya mtumbwi pembeni ya fungu hilo. Fungu likishuka ukurasa wa pili, picha inafuata. Fungu likifutwa, picha inakufa nalo. Ndiyo maana mtu anafuta mstari mmoja na ramani inapotea. Vuta nanga uiweke ku fungu lisilofutwa, kwa mfano kichwa cha habari. Kwa picha ya pasi juu ya CV, chagua « Fixer la position sur la page ». Itakaa pahali pake, mradi fungu lake halijahama ukurasa.

Shida ingine mbili za picha zinasumbua watu:

Picha inaonekana kipande chembamba tu, kama imekatwa na kisu. Picha haijaharibika. Iko ndani ya mstari uliopewa urefu kamili. Weka kidole cha panya ku mstari huo, fungua « Paragraphe », na ku « Interligne » utakuta « Exactement ». Weka « Simple ». Picha inafunguka yote.

Umeweka « Carré » lakini maneno hayakubali kukaa pembeni. Angalia nafasi iliyobaki. Ikiwa ni chini ya sentimita 2,5 hivi, Word haiweki maneno pale, inayashusha chini. Punguza picha kidogo, ao isogeze mpaka ukingoni.

Kwa mwanafunzi anayeandika TFC yenye ramani na picha za shamba, shauri ni moja: weka picha zote « Aligné sur le texte », kila moja peke yake ku fungu lake, katikati, na maelezo yake chini. Haina urembo mwingi, lakini profesa akiomba kuongeza kurasa tano mwanzoni, hakuna picha itakayopotea.

Orodha ya majina: pale hatari iko

Barua iliyopangwa vibaya inaleta haya. Orodha iliyopangwa vibaya inaweza kumnyima mtu haki yake. Ushirika wa wakulima wa mpunga, kikundi cha akiba, shule, orodha ya wenye kupokea msaada: zote zinaandikwa ndani ya jedwali, na jina linalotoka ku karatasi linalinganishwa na jina la ku karte ya uchaguzi.

Majina ya Kikongo ni marefu. Mwaka 1972, wakati wa Zaïre, utawala wa Mobutu ulikataza majina ya kikristo ya kizungu, na « post-nom » ikashika nafasi yake ku makaratasi. Prénom zilirudi baadaye, lakini post-nom haikutoka. Leo mtu anajaza matatu: nom, post-nom, prénom. Yote matatu yakiingia ndani ya chumba kimoja chembamba cha jedwali, yanahitaji mistari miwili ao mitatu.

Ikiwa urefu wa chumba umefungwa, mstari wa pili unafichwa. Jina liko ndani ya fishie, lakini haliko ku kioo wala ku karatasi. Watu wawili wenye nom na post-nom sawa, kaka na kaka, wanatoka kama mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Anayekagua orodha anaweza kumfuta mmoja.

Dawa: shika jedwali lote, bonyeza upande wa kuume wa panya, fungua « Propriétés du tableau », kisha « Ligne ». Pale penye « Exactement » weka « Au moins ». Vyumba vinafunguka kwa kufuata maneno. Kisha ingia « Cellule », « Options », na uhakikishe kwamba chaguo la kurudisha maneno ku mstari limewekwa alama. Lile la « Ajuster le texte » liondolewe, kwa sababu linabana herufi mpaka jina halisomeki.

Bora zaidi ni kutenganisha: safu moja ya nom, moja ya post-nom, moja ya prénom. Safu zikizidi, geuza karatasi ilale kwa « Orientation », « Paysage ».

Na kama maneno ya chini yamepanda yakakaa pembeni ya jedwali, basi jedwali lenyewe limeanza kuelea. Inatokea ukilivuta kwa bahati mbaya. Ndani ya « Propriétés du tableau », « Habillage du texte », toa « Autour » uweke « Aucun ».

Ku Excel, kitufe kinaitwa « Renvoyer à la ligne automatiquement ». Mtu akitaka kuvunja mstari yeye mwenyewe ndani ya chumba, anapiga Alt na Entrée. Ajihadhari na vyumba vilivyounganishwa: Excel haiviongezei urefu yenyewe, na hapo tena mstari wa pili unafichwa.

Kiswahili na mkasi wa Kifaransa

Neno la Kiswahili linabeba sentensi nzima ndani yake: « hatutawaandikisha », « waliotusaidia ». Mashini inapopanga kingo mbili ziwe sawa, na neno refu likakosa nafasi, linashuka lote. Maneno machache yaliyobaki juu yanavutwa mpaka kunakuwa matundu makubwa katikati. Likimalizwa kwa ↵, mstari mfupi unavutwa vilevile: maneno matatu yanatawanyika ku karatasi nzima. Futa ↵ hiyo, ao upange kushoto tu.

Wengine wanawasha kukata maneno, « Coupure de mots ». Hapo mashini inafuata lugha iliyoandikwa chini ya kioo, na mara nyingi ni Kifaransa. Kifaransa kinatenganisha m na b, kwa hiyo « nyumba » inaweza kukatwa nyum-ba, wakati sisi tunasema nyu-mba. Kwa barua na matangazo ya Kiswahili, weka « Aucune » na upange kushoto.

Pesa nazo zisikatwe. « 250 » mwisho wa mstari na « 000 FC » mwanzo wa mwingine inaweza kuleta ubishi ndani ya PV ya pesa za kikundi. Pahali pa nafasi ya kawaida, piga Ctrl, Maj na kitufe cha nafasi pamoja. Namba inabaki kitu kimoja. Fanya vile kwa tarehe na kwa namba za simu.

Kwa nini inabadilika ku mashini ya sekretaria

Sababu ya kwanza ni herufi. Fishie haibebi umbo la herufi, inabeba jina lake tu. Word ya 2007 ilileta Calibri, na matoleo ya hivi karibuni yanaanza na Aptos. Mashini isiyo na herufi hiyo inaweka ingine yenye upana tofauti. Kila mstari unapimwa upya, na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Tumia Times New Roman ao Arial, zinapatikana karibu kila mashini yenye Windows.

Sababu ya pili ni karatasi. Hapa kwetu tunachapa ku A4, milimita 210 kwa 297. Programu zingine zinaweza kuanza na karatasi ya Kimarekani ya « Lettre », milimita 216 kwa 279: pana kidogo, fupi zaidi. Angalia « Mise en page », « Taille », mbele ya kuandika neno la kwanza.

Sababu ya tatu ni simu. Programu za kuandika ku simu zinaweza kuonesha maneno yakijipanga kwa kufuata kioo, si kwa kufuata karatasi. Mbele ya kuamini unachokiona, badilisha uone ukurasa kamili.

Dawa ya yote matatu ni PDF. « Fichier », « Enregistrer sous », chagua PDF. Ndani yake herufi, mistari na picha zimefungwa, na ku mashini ya sekretaria itatoka vile ilivyo. Weka ku flashi zote mbili: PDF ya kuchapa, na fishie ya Word kama kuna neno la kusahihisha.

Mbele ya kupanda pikipiki

- Karatasi ni A4?
- Umewasha ¶, na hakuna nafasi wala Entrée za kusukuma?
- Picha imewekwa « Aligné sur le texte » ao « Carré », na haigusi jina?
- Urefu wa vyumba vya jedwali ni « Au moins »?
- Umesoma majina yote matatu ya kila mtu ndani ya PDF, si ndani ya Word?
- Sahihi iko ku ukurasa mmoja na maneno ya mwisho ya barua?
- PDF na Word zote ziko ku flashi?

Na ukifika, omba nakala moja tu kwanza. Isome ukiwa umesimama pale pale. Ikiwa sawa, hapo ndipo uagize zingine.